Kodiani ya Sogndal: Uchambuzi wa Kisa cha Bendi ya Windir

Albamu ya Arntor, iliyotoka mwaka 1999, haifunguliwi na gitaa wala ukelele wa mwimbaji. Inafunguliwa na kipande kifupi kisicho na maneno kiitwacho «Byrjing», yaani mwanzo, ambamo kodiani inashika mahadhi ya aina ile ambayo mzee wa kijijini angeyapiga kwenye arusi ya mjukuu wake. Kisha magitaa yanaingia, ngoma zinaanza kukimbia, mwimbaji anatoa sauti kavu ya kukwaruza, na msikilizaji aliyetulia anagundua jambo ambalo ndilo kiini cha makala haya: vyombo vimebadilika, kasi imebadilika, lakini mahadhi yangali ya mkono uleule. Kodiani imenyamaza, na magitaa yanaendelea kusema lugha yake.

Bendi yenyewe inaitwa Windir, jina ambalo wenyewe walilieleza kuwa ni neno la kale lenye maana ya mpiganaji. Aliyeianzisha ni Terje Bakken, aliyezaliwa tarehe 3 Septemba 1978, mtu wa Sogndal, magharibi mwa Norway. Kama ilivyokuwa desturi ya wanamuziki wa aina yake, alijichagulia jina la jukwaani, akajiita Valfar, jina lenye mwangwi wa mojawapo ya majina ya Odin, mungu mkuu wa watu wa kale wa Kaskazini. Mwaka 1994, akiwa bado kijana wa shule, alirekodi kanda ya majaribio aliyoiita Sogneriket, himaya ya Sogn. Mwaka uliofuata akatoa ya pili, Det gamle riket, himaya ya zamani. Majina hayo mawili tayari yanaonyesha macho yake yalielekea wapi. Hayakuelekea mbinguni kwa miungu wala kuzimu kwa mashetani, bali wilayani kwao, kwenye mji mdogo uliokaa kando ya tawi la Sognefjorden, ghuba nyembamba ya bahari inayopenya kati ya milima kwa zaidi ya kilomita 200 na yenye kina kinachofika mita 1,300.

Nimekichagua kisa hiki kwa sababu moja. Muziki wa metali, yaani roki nzito ya magitaa ya umeme, unaochanganywa na ala za kienyeji umekuwa mwingi sana tangu miaka ya 1990, na katika sehemu kubwa ya muziki huo ala ya kienyeji ni kiungo cha kunyunyizwa juu ya chakula kilichokwisha kuiva: ukikiondoa, chakula kinabaki kilekile. Kwa Windir haiwezekani kufanya hivyo. Hata nyimbo ambazo kodiani haisikiki ndani yake zimejengwa juu ya fikra ya kodiani, na nia yangu ni kuonyesha jambo hilo lilitokeaje, kwa njia zipi, na kwa nini lilikuwa gumu kuendelea mara mtu mmoja alipoondoka.

Kijana wa bonde katika miaka ya moto

Metali nyeusi, yaani ule muziki wa metali wenye magitaa ya kasi yasiyokatika, ngoma zisizopumzika, sauti ya kukwaruza na maudhui ya giza, ilistawi Norway mwanzoni mwa miaka ya 1990, na pamoja nayo kulikuja uhalifu ulioandikwa na magazeti ya dunia nzima. Tarehe 6 Juni 1992 kanisa la mbao la Fantoft, pale Bergen, lilichomwa moto likateketea. Tarehe 10 Agosti 1993 Øystein Aarseth, mpiga gitaa wa bendi ya Mayhem, aliuawa jijini Oslo na mwanamuziki mwenzake, Varg Vikernes, ambaye mwaka uliofuata alihukumiwa kifungo cha miaka 21. Kwa watu wengi walio nje ya Norway, hayo ndiyo yote wanayoyajua kuhusu muziki huu.

Kuna jambo kuhusu kanisa la Fantoft ambalo wasimulizi wengi hulipita. Kanisa hilo asili yake haikuwa Bergen. Lilijengwa karibu mwaka 1150 huko Fortun, ndani kabisa mwa nchi ya Sogn, na mwaka 1883 likahamishwa vipande vipande hadi Bergen ili lisibomolewe. Kilichoungua asubuhi ile, kwa hiyo, kilikuwa kazi ya mikono ya watu wa ghuba ileile aliyokulia Valfar. Na Sogn ndiko yaliko baadhi ya makanisa ya namna hiyo yaliyo ya kale na mazuri kuliko mengine yote: Urnes, ambalo UNESCO iliorodhesha kama urithi wa dunia mwaka 1979, Borgund, na Kaupanger lililomo ndani ya wilaya ya Sogndal yenyewe. Sidai kwamba mvulana wa miaka 13 alisoma habari za moto ule akafanya uamuzi wa kisanaa siku hiyohiyo. Ninachosema ni kwamba wakati baadhi ya watu wa kizazi kilichomtangulia kidogo walilichukua lile neno «urithi» kama sababu ya kuteketeza, yeye alilichukua kama kazi ya kuokota: jina la shamba, simulizi ya kilima, mahadhi ya dansi, tarehe ya vita.

Mlango wa kuingilia katika kazi hiyo ulikuwa umekwisha kufunguliwa na wengine. Bathory, mradi wa Msweden aliyejiita Quorthon, ulikuwa umeanza kuwaleta Wavikingi, wale mabaharia na wapiganaji wa kale wa Kaskazini, katika metali kwa albamu ya Blood Fire Death ya mwaka 1988 na kukamilisha hatua hiyo mwaka 1990 kwa Hammerheart, ambayo nyimbo zake ndefu na nzito zilibebwa na sauti za kikundi kama watu wanaopiga makasia kwa pamoja. Nchini Norway, Enslaved, walioanza mwaka 1991, walichukua habari za miungu na safari za kale wakaziweka moja kwa moja ndani ya metali nyeusi. Lakini kwa hao wote Wavikingi walikuwa ulimwengu mzima, wenye meli, bahari, miungu na mwisho wa dunia. Valfar aliikunja ramani hiyo mpaka likabaki bonde moja. Windir waliupa muziki wao jina la «Sognametal», metali ya Sogn, na mimi naona jina hilo linastahili kuchukuliwa kwa uzito kuliko lile la metali ya Wavikingi ambalo wauzaji na wasikilizaji walilibandika baadaye.

Ala iliyotoka Vienna

Pingamizi la kwanza dhidi ya bendi hii ni rahisi, nalo ni la haki: Wavikingi hawakuwa na kodiani. Enzi yao kwa kawaida huhesabiwa kuanzia uvamizi wa monasteri ya Lindisfarne, Uingereza, mwaka 793 hadi mwaka 1066, na chombo kilichopewa jina la kodiani kilisajiliwa Vienna na Cyrill Demian mwaka 1829. Kati ya mwisho wa Wavikingi na kuzaliwa kwa ala hiyo kuna miaka zaidi ya 750. Mtu anayetaka muziki wa kale halisi atauliza kwa nini kijana huyu hakutafuta kinubi au baragumu la pembe, au walau fidla ya Hardanger, ile fidla ya magharibi mwa Norway yenye nyuzi nne za kupigwa na nyingine nne au tano zilizofichwa chini yake, ambazo haziguswi bali huitikia zenyewe kwa mvumo. Fidla hiyo ina hata historia ambayo metali nyeusi ingeipenda, kwa kuwa katika karne ya 19 wahubiri wa uamsho waliiita ala ya shetani, na wako wapigaji waliozichoma fidla zao kwa toba.

Jibu, kwa maoni yangu, ni kwamba Valfar hakuwa akitafuta ala ya Wavikingi. Alikuwa akitafuta ala ya watu wake, na hivyo ni vitu viwili tofauti. Katika karne ya 19 kodiani ilienea vijijini kote Norway, ikaingia katika dansi za zamani kama vals, polka na masurka, na mwishoni ikasukuma fidla pembeni katika sherehe nyingi, kwa kuwa mpigaji mmoja aliweza kujaza ukumbi peke yake, mkono mmoja ukiimba na mwingine ukishika besi. Mtu aliyezaliwa Sogndal mwaka 1978, akisikia neno «muziki wa kienyeji», anasikia kwanza mvukuto wa kodiani. Baragumu la pembe angelazimika kulisoma kitabuni.

Msikilizaji wa pwani yetu analielewa jambo hili bila kusukumwa. Kodiani iliingia katika taarabu ya Unguja na kukaa jirani na udi, kanuni na fidla, na hakuna anayesikia kundi la Culture Musical Club likianza kupiga akasema kwamba hiyo ni ala ya Vienna. Imekuwa yetu kwa kutumika katika furaha na huzuni zetu, vizazi kadhaa, mpaka mkono wa mpigaji ukaifundisha lafudhi ya hapa. Ndivyo ilivyokuwa huko Sogn, na ndiyo maana lile pingamizi la tarehe, ingawa hesabu yake haina kosa, haligusi kiini cha kisa hiki.

Mkono wa kulia

Sasa nifike kwenye ufundi, kwa kuwa hapa ndipo kisa kinapokuwa na utajiri wake. Katika metali nyingi gitaa hufanya kazi ya kukata. Kiganja hulazwa juu ya nyuzi, sauti ikafupishwa, na kinachopatikana ni vipande vizito vinavyogonga kama nyundo. Metali nyeusi ya Norway iliacha desturi hiyo kwa kiasi kikubwa, ikawa mkono wa kulia unapiga uzi mmoja juu na chini mfululizo, kwa kasi ambayo sikio halihesabu tena mapigo. Noti ya gitaa, ambayo kwa maumbile yake huvuma kisha ikafifia, kwa njia hiyo inaendelea bila kufifia, na mpigaji anaweza kuihamisha kutoka noti moja hadi nyingine bila pengo.

Kodiani ndivyo inavyofanya kwa hewa. Mvukuto ukiwa unasukumwa, noti inaendelea kwa nguvu ileile mpaka kidole kinyanyuke. Kwa hiyo mahadhi yaliyotungwa kwa ajili ya kodiani, yenye noti ndefu zinazoungana, mapambo madogo ya kidole mwanzoni mwa noti na mizunguko inayorudi pale ilipoanzia, yanaweza kuhamishiwa kwenye gitaa la metali nyeusi bila kuvunjwa mifupa. Sijui mtindo mwingine wa gitaa la umeme ambao ungeyapokea vizuri hivyo. Ala hizi mbili, moja ya ukumbi wa dansi na nyingine ya vijana waliopaka nyuso rangi nyeupe na nyeusi, zilikuwa na undugu wa namna ya kushika noti kabla ya Valfar kuzikutanisha, na kipaji chake kilikuwa kuuona undugu huo.

Kisha kuna suala la kasi. Anayesikia Windir kwa mara ya kwanza husikia mbio tu, kwa sababu ngoma zinakimbia. Lakini akiziweka ngoma kando na kuyafuata mahadhi peke yake, ataona kwamba yanatembea, tena mara nyingi yanatembea polepole, kwa mwendo ambao watu wawili walioshikana mikono wangeweza kuufuata sakafuni. Nyimbo zao zina mwendo wa aina mbili kwa wakati mmoja, kama wazee wanaocheza vals kwenye uwanda huku nyuma yao maji yanaporomoka kutoka mlimani. Wenyewe walilijua hilo: wimbo mmoja katika albamu ya mwaka 2001 waliupa jina la Kijerumani «Todeswalzer», vals ya kifo.

Wimbo ninaourudia zaidi ni «Saknet», unaokaribia mwisho wa Arntor, ambao jina lake linahusu kumkosa mtu, lile pengo linalobaki. Ni mrefu, wa dakika kama kumi, na hauna haraka ya kufika popote. Mahadhi makuu yanatoka, yanapumzika, yanarudi yakiwa yamevalishwa ala nyingine, na kila yanaporudi yanazidi kuuma, ingawa noti zenyewe hazijaongezwa. Ukelele na sauti safi ya kuimba hupokezana katika albamu hii, moja ikiwa kama kidonda na nyingine kama wimbo wa kanisani. Ninaposikia watu wakisema kwamba metali haina huzuni bali ina hasira tu, wimbo huu ndio ninaowapa, na sijawahi kuona haja ya kuongeza maelezo.

Linganisho moja litasaidia. Mwaka uleule wa 1999 bendi ya Kifini ya Finntroll ilitoa albamu yake ya kwanza, ikichanganya metali na humppa, dansi ya Kifini ambayo nayo hupenda kodiani. Kazi ni nzuri, lakini pale ala inaitwa ili watu waruke. Katika Windir ala ileile inaitwa ili watu wakumbuke. Tofauti haiko katika chombo wala katika kiwango cha upigaji.

Sitaki kuifanya kazi hii ionekane haina dosari. Albamu ya kwanza, Sóknardalr ya mwaka 1997, imerekodiwa kwa sauti nyembamba. Vinanda vya umeme vinasikika kama vya bei ya chini, na baadhi ya nyimbo zinasimama pale zilipopaswa kuendelea. Valfar alikuwa akipiga karibu kila kitu mwenyewe isipokuwa ngoma, zilizopigwa na Jørn Holen, aliyejiita Steingrim, na mtu mmoja anayejirekodi hana wa kumwambia kwamba sehemu fulani imerefuka. Lakini hata humo mahadhi yamekwisha kupata uso wake. Anayeanza kusikiliza namshauri aanze na Arntor, kisha arudi nyuma.

Lugha nayo ilikuwa sehemu ya ala. Jina Sóknardalr ni umbo la kale la Sogndal, na maneno ya nyimbo za albamu mbili za mwanzo yaliandikwa kwa lahaja ya Sogn, ambayo ina vokali zinazojitambulisha mara moja: pale Mnorway wa Oslo anapotamka å, mtu wa Sogn husema «ao». Norway ina mifumo miwili rasmi ya kuandika, bokmål na nynorsk, na huu wa pili, ambao Ivar Aasen aliujenga katikati ya karne ya 19 kutokana na lahaja za vijijini, ndio wenye nguvu magharibi. Kuimba kwa lahaja, hata hivyo, ni hatua nyingine zaidi, tena katika mtindo ambao bendi nyingi zilikimbilia Kiingereza ili zieleweke ng'ambo. Kwetu tunajua uzito wa uamuzi huo: utenzi wa Kiamu ukihamishiwa Kiswahili sanifu, maana itabaki lakini pumzi itakuwa imetoka. Nyimbo kama «Kong Hydnes haug», kuhusu kilima cha kaburi la mfalme, au «Svartesmeden og Lundamyrstrollet», kuhusu mhunzi na zimwi la mahali palepale, zinategemea majina ambayo hayatafsiriki kwa sababu ni majina ya sehemu ambazo mtu anaweza kuzifikia kwa miguu.

Mwaka 1184

Albamu ya tatu, ya mwaka 2001, ina jina la tarakimu tupu: 1184. Kwa mtu wa Sogndal tarakimu hizo zinatosha. Tarehe 15 Juni mwaka huo, penye maji ya Fimreite, wafalme wawili waliogombea kiti kimoja walikutana kwa mara ya mwisho. Sverre alikuwa na meli 14, Magnus Erlingsson alikuwa na 26. Krismasi iliyotangulia watu wa Sogndal walikuwa wamemuua ofisa aliyewekwa na Sverre juu yao, naye Sverre akarudi kuwaadhibu kwa moto. Alikuwa bado huko Magnus alipowasili na kundi lake la meli.

Saga ya Sverre, yaani simulizi ya kale ya maisha yake, ambayo mwanzo wake uliandikwa na padre mkuu wa monasteri Karl Jónsson wa Iceland, inaeleza jinsi pambano lilivyogeuka. Watu wa Sverre hawakuupiga msafara wote kwa pamoja, bali walizivamia meli za pembeni moja baada ya nyingine. Waliokuwa humo, wakizidiwa, waliruka kuingia meli ya jirani, na waliokuwa katika meli ya jirani wakaruka kuingia inayofuata, mpaka meli zikajaa kupita kiasi na kuzama na watu wake. Magnus alifia humo, pamoja na watu wanaohesabiwa kuwa zaidi ya elfu mbili. Ghuba hiyo imezungukwa na milima pande zote, kwa hiyo walioishi kwenye mashamba ya juu wangeweza kuona mwisho wa ndugu zao kama mtu anayetazama chini ya kisima.

Mwaka 1184 hauko katika enzi ya Wavikingi. Umepita mwisho wake kwa zaidi ya karne moja, na waliokufa Fimreite walikuwa Wakristo pande zote mbili. Kwa hiyo ala ni ya mwaka 1829, vita ni vya 1184, lahaja ni ya leo, na jina la mtindo ni la Wavikingi. Mtu akiviunganisha vitu hivyo kwa kalenda havikai pamoja. Akiviunganisha kwa mahali vinakaa bila shida yoyote, kwa kuwa vyote vilitokea au kusikika ndani ya bonde moja, na mtu aliyezaliwa humo hurithi vyote kwa mpigo mmoja bila kuvipanga kwa karne.

Kufikia wakati wa 1184 Windir haikuwa tena kazi ya mtu mmoja. Valfar alikuwa ameungana na vijana wa bendi nyingine ya Sogndal, Ulcus: Jarle Kvåle aliyejiita Hvàll, Sture Dingsøyr, Stian Bakketeig aliyejiita Strom, Gaute Refsnes aliyejiita Righ, pamoja na Steingrim. Upigaji ukaimarika mara moja, ngoma zikapata mwili, na nyimbo zikaweza kupelekwa jukwaani. Kulikuwa na gharama pia. Sehemu ya maneno ikawa ya Kiingereza, na vinanda vya elektroniki vikachukua nafasi kubwa zaidi, hata «Journey to the End», mojawapo ya nyimbo zao zinazopendwa zaidi, ukaishia katika midundo ya kimashine inayokaribia muziki wa disko za usiku. Wako waliochukizwa. Mimi naliona kama jambo lilelile la kodiani likirudiwa: kijana aliyetumia ala ya mwaka 1829 kusimulia mwaka 1184 hakuwa na sababu ya kuogopa ala ya mwaka 2001.

Albamu ya nne, Likferd, ilitoka mwaka 2003. Jina lake ni safari ya kumpeleka maiti kuzikwa. Katika nchi ya ghuba, ambako kanisa huweza kuwa ng'ambo ya maji, safari hiyo ilifanywa kwa mashua, jeneza katikati na ndugu kwenye makasia. Wachoraji Adolph Tidemand na Hans Gude waliichora mwaka 1853 katika picha waliyoipa jina lenye neno hilohilo, wakiiweka Sognefjorden. Ni albamu nzito na yenye giza kuliko zote zilizotangulia, lakini mahadhi ya dansi yamo bado, yamezama zaidi, kama sauti ya sherehe inayosikika kutoka upande wa pili wa maji.

Theluji

Tarehe 14 Januari 2004 Valfar aliondoka kwenda kwenye nyumba ya mlimani ya familia yake, mahali paitwapo Fagereggi. Dhoruba ya theluji ilimkuta njiani, na hakufika. Siku tatu baadaye alikutwa Reppastølen, katika bonde la Sogndal, akiwa amekufa kwa baridi. Alikuwa na miaka 25. Neno «støl» lililomo katika jina la mahali hapo ni malisho ya juu ambako watu wa Norway walipeleka mifugo wakati wa kiangazi, na ambako, katika vibanda vya wachungaji, sehemu kubwa ya nyimbo na simulizi za nchi hiyo ilitunzwa. Januari hakuna mtu huko. Alizikwa tarehe 27 Januari, kanisa la Stedje, Sogndal.

Hapo wenzake walikuwa na swali ambalo bendi nyingi hulijibu kwa njia ya biashara. Walikuwa na albamu mpya, jina linalokua, na wapigaji watano wenye uwezo. Mwimbaji mwingine angeweza kupatikana. Waliamua kuifunga Windir. Naona uamuzi huo ni ushahidi wenye nguvu kuliko uchambuzi wowote wa noti, kwa kuwa ulitoka kwa watu walioijua kazi kutoka ndani: walijua kwamba wangeweza kuzipiga nyimbo, lakini mkono uliokuwa ukiyatunga mahadhi yale haukuwepo tena.

Walichokifanya baadaye kinaelekea upande huohuo. Hvàll, Sture na Steingrim walianzisha Vreid, jina lenye maana ya ghadhabu, na kutoa albamu ya kwanza, Kraft, mwaka huohuo wa 2004. Muziki wake ni mkavu zaidi, una roki ndani yake, na katika albamu zilizofuata ulishughulikia Vita Kuu ya Pili na upinzani wa Wanorway dhidi ya utawala wa Wajerumani. Gaute Refsnes aliendelea na upande wa mahadhi katika bendi yake ya Cor Scorpii. Kila mmoja alibeba sehemu iliyokuwa yake, na hakuna aliyejitia kuwa Valfar.

Kabla ya hapo waliaga. Tarehe 3 Septemba 2004, siku ambayo angetimiza miaka 26, walipiga kwa mara ya mwisho katika ukumbi wa Rockefeller, Oslo, wakisindikizwa na bendi rafiki, Enslaved na Finntroll zikiwa miongoni mwao. Mwaka huo ilitoka pia albamu ya mkusanyo ya kumkumbuka. Miaka mitano nyuma, kijana aliyekuwa akijirekodi mwenyewe alikuwa amempa mpiganaji wa simulizi za kwao wimbo mzima wenye jina «Arntor, ein Windir», Arntor, mpiganaji. Wenzake walipotafuta maneno ya kuandika juu ya mkusanyo huo, waliyachukua maneno yake, wakabadilisha jina moja tu: Valfar, ein Windir.